Sanduku la Barua: Kasumba kwa Jina la Mungu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: watoto wanaofundishwa dini kwa namna inayowatisha wazazi, walimu wa shule, na mara nyingine hata mashehe na wachungaji wenyewe. Tumechagua tisa. Majina tumeyaondoa na barua ndefu tumezipunguza.

Swali: Mwanangu ana miaka minane na anapenda sana dini. Anahifadhi aya, anaamka mwenyewe kusali, na mimi nikikosa ananikemea. Jirani ananiambia huyu ameshatiwa kasumba. Nitajuaje? – Mama wa mmoja

Jibu: Jirani yako ana haraka. Umri wa miaka minane ndio umri wa kanuni. Mtoto atakukemea kwa sala iliyokupita kama anavyomkemea mwenzake aliyeiba zamu mchezoni. Wingi wa ibada haupimi kitu hapa. Kuhifadhi si kasumba, kufunga si kasumba, kujisitiri si kasumba.

Kasumba, kwa maana yake ya zamani, ni afyuni, na maana hiyo inatusaidia. Tunachokitafuta ni mtoto aliyelewa kiasi kwamba hawezi tena kuuliza. Mpime hivi. Mkiwa mnakunja nguo au mnatembea, msiangaliane uso kwa uso, mwulize: "Yule rafiki yako ambaye si wa dini yetu, unadhani Mungu anamwonaje?" Mtoto aliyelelewa tu katika dini atasita. Atakisia, atasema "sijui, nitamwuliza mwalimu", au atabishana nawe. Aliyekaririshwa hujibu papo hapo, kwa maneno ya mtu mzima, na ukimwomba akueleze neno hilo lina maana gani, halijui. Ongeza "kwa nini?" mara mbili kwa upole. Wa kwanza anafikiri. Wa pili anaogopa, au anakasirika ili asionekane ameogopa. Hofu hiyo ya swali ndiyo alama, na inaonekana mapema kuliko mavazi, ndevu au rozari.

Baada ya hapo angalia mambo matatu: siri, mlango na adui. Je, ameambiwa asiwaambie nyumbani wanachofundishwa? Je, akisema wiki hii hataki kwenda, mwalimu wake anachukuliaje? Na je, kuna kundi la watu ambalo amefundishwa kulichukia kwa ujumla wake, bila kujali nani amefanya nini? Jambo moja kati ya haya linatosha kwenda kuongea na mwalimu wake. Yakiwa yote matatu, mtoe.

Wala usidhani sheria inakunyima haki ya kumlea katika imani yako. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na papo hapo kinatambua haki na wajibu wa wazazi kumwongoza kadiri uwezo wake unavyokua. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito: uongozi unaomfaa mtoto wa miaka minane haumfai wa miaka kumi na sita.

Swali: Watu hawa wanawezaje kumgeuza kwa miezi michache mtoto niliyemlea miaka kumi na mitatu? Nataka kujua kinachofanyika hasa. – Baba, msomaji wa siku nyingi

Jibu: Huanza na wema. Hapo ndipo wazazi wanapopitwa, kwa sababu wanamngoja mtu mwenye sura kali. Anayekuja ni kijana mpole anayelikumbuka jina la mtoto, anayemsikiliza bila kutazama saa, pengine anamfundisha hesabu au mpira bure. Katika hatua hii dini haitajwi sana.

Kisha mtoto hupewa kitu cha pekee: jina jipya, salamu ya wachache, kazi ndogo ya heshima, na maneno "wewe si kama wenzako". Kati ya miaka 12 na 17 kila mtoto anajiuliza yeye ni nani, na sasa ameletewa jibu limeshashonwa, kazi yake ni kulivaa tu.

Kutengwa kunafuata, tena kidogo kidogo. Leo muziki, kesho sherehe ya familia, kesho kutwa rafiki fulani. Kila anachokiacha kinaacha saa tupu, na kundi linaijaza. Ndiyo maana tunawaambia wazazi wahesabu saa kabla ya kuchambua mafundisho. Mtoto aliyekuwa na kundi saa mbili kwa wiki na sasa ana saa kumi na tano amekwenda mbali, hata kama maneno yake ni yale yale.

Hofu huingizwa usiku zaidi kuliko mchana. Picha za moto, video za maiti, mikesha ya mfululizo, mifungo isiyo na kipimo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mpe saa nne tu kwa wiki mbili, na mambo ambayo angeyabishia asubuhi akiwa ameshiba atayakubali yote. Huo ni uchovu wa mwili, nao hutumiwa kwa makusudi.

Halafu yanakuja maneno ya kufungia mjadala. Kila kundi lina lake: "huo ni wasiwasi wa shetani", "hayo ni maneno ya dunia", "huyo ameshakufuru". Neno likishatamkwa, swali limekwisha bila kujibiwa. Ukisikia neno moja likitumika kumaliza mazungumzo ya aina tano tofauti, umelipata.

Mwisho ni kazi. Abebe bahasha. Asimame nje aangalie nani anakuja. Afute ujumbe kwenye simu. Aseme wazazi wake walizungumza nini jana usiku. Kila kazi ni ndogo na kila moja inamfunga, kwa sababu akitaka kurudi nyuma itambidi akiri kwamba alishashiriki. Watoto wengi hubakia kwa aibu muda mrefu baada ya imani yenyewe kuanza kutetereka, na aibu hiyo wazazi huiongeza bila kujua wanapouliza, "Uliwezaje kuwa mjinga hivyo?"

Kasumba haihitaji kuhubiriwa kwa sauti, inaweza kuingia kwenye somo la hesabu. Kundi la Islamic State, lilipotawala sehemu za Iraq na Syria, lilitoa vitabu vya shule vyenye mifano ya risasi na bunduki. Hawakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1980, vitabu vya watoto wa Afghanistan vilivyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nebraska cha Omaha kwa fedha za serikali ya Marekani viliwafundisha kuhesabu kwa risasi na askari, wakati adui akiwa jeshi la Kisovieti. Hesabu ya risasi tano ukitoa mbili haimfundishi mtoto kuua. Inamfundisha kwamba risasi ni kitu cha kawaida kama kalamu, na kazi ngumu ya wapiganaji inakuwa imeshafanywa na mwalimu wa darasa la kwanza.

Umeuliza wanawezaje, na wanashindwaje? Mara nyingi hushindwa kwenye kutenga. Mtoto aliyebaki na mtu mzima mmoja nje ya kundi, ambaye anaweza kumwambia jambo la kijinga bila kuchekwa wala kuchapwa, ni vigumu sana kummaliza. Si lazima awe mzazi. Shangazi, kocha au kaka mkubwa anatosha.

Swali: Nafundisha sekondari. Mwanafunzi wangu wa miaka 14 amewaambia wenzake wawili mbele ya darasa kwamba ni makafiri na damu yao ni halali. Mkuu wa shule anataka afukuzwe na polisi waitwe leo hii. Nina wasiwasi na yote mawili. – Mwalimu

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, Mwalimu. Kumfukuza ni kumpelekea kundi mtoto asiye na pa kwenda kuanzia saa mbili asubuhi, tena akiwa na ushahidi mkononi kwamba dunia inamchukia kama alivyoambiwa.

Lakini lisiachwe lipoe lenyewe. Leo hii, kabla hujasahau, andika maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, tarehe, saa, na waliokuwapo. Usiandike "alionyesha msimamo mkali"; andika sentensi yake. Tofauti kati ya "damu yao ni halali" na "Mungu atawahukumu" ni kubwa sana, na baada ya siku tatu hakuna atakayeikumbuka. Waone wale wenzake wawili siku hiyo hiyo, wao ndio waliotishwa, na wazazi wao wasikie kutoka shuleni kabla hawajasikia mtaani.

Kisha ongea naye. Peke yenu, mlango wazi, mwalimu mwingine anayempenda awe karibu. Tenga dakika thelathini na katika hizo wewe uongee tano. Mwulize alilisikia wapi neno hilo, lina maana gani kwake, na ni nini kilitokea siku ile kabla hajalitamka. Swali hili la mwisho wengi wanalisahau, nalo ndilo lenye mavuno: mara nyingi nyuma ya fatwa ya mtoto kuna ugomvi, dhihaka kuhusu mavazi yake, au baba aliyepoteza kazi.

Usibishane naye aya. Hata kama unazijua kuliko yeye. Amefunzwa majibu ya hoja kumi na wewe utaanza na ile ya kwanza. Ukishinda atakuona mjanja, ukishindwa atakuona mjinga, na vyovyote iwavyo umekuwa upande wa pili. Badala yake uliza kuhusu watu: "Yule mwenzako alikusaidia somo la kemia mwaka jana. Unataka nini kimpate?" Halafu nyamaza, ukimya uwe mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia.

Polisi au ofisi ya ulinzi wa mtoto huitwa bila kungoja pale panapokuwa na mpango: siku, mahali, mtu aliyetajwa, silaha, safari, pasipoti iliyotolewa kabatini, fedha zilizokusanywa, au mtoto anayegawa vitu vyake na kuomba radhi kwa watu kama anayeaga. Maneno makali peke yake yanatosha kumfuatilia na kumwita mzazi. Na mkutane na mzazi mkijua kwamba kuna uwezekano neno hilo limetoka nyumbani. Mwulize kwanza anaonaje mwenendo wa mtoto, kabla hujamwambia ulichosikia.

Kosa moja tunaliona shule baada ya shule: jambo la mtoto mmoja linatangazwa mstarini, dini yake ikitajwa. Kabla ya mchana una watoto ishirini wa dini hiyo wanaojiona wameshtakiwa, na aliyekuwa peke yake sasa ana jeshi.

Swali: Nimpokonye simu? Binti yangu wa miaka 15 anaangalia mahubiri ya watu nisiowajua mpaka usiku wa manane. – Mama, kwa ujumbe mfupi

Jibu: Ukimpokonya leo, kesho ataazima ya rafiki, na utakuwa umepoteza dirisha lako la kuona. Mahubiri ya wazi si hatari kubwa. Hatari ni safari inayoanzia hapo: anaandika maoni chini ya video, mtu anamjibu vizuri, wanahamia ujumbe wa faragha, kisha kwenye kikundi kilichofungwa chenye ujumbe unaojifuta. Kila kuhama kunaacha mashahidi nyuma. Kwa hiyo usimwulize anatazama nani, mwulize anaongea na nani. Ishara ya mtu mbaya ni moja na haibadiliki: anataka muhamie mahali pengine, na mzazi asijue.

Anza na kanuni moja isiyomlenga yeye: simu zote za nyumba, na yako ikiwamo, zinalala sebuleni kuanzia saa fulani. Hiyo peke yake inaondoa saa ambazo kasumba hufanya kazi vizuri. Kisha kaa naye mtazame pamoja video tatu, zima ile hali ya video kujifungulia zenyewe, futeni historia ya kutazama. Mitambo ya mapendekezo hulisha kile kilichomshikilia mtazamaji jana; ukifuta historia na kutafuta vitu vingine kwa makusudi, ukurasa wake hubadilika.

Ukikuta mazungumzo ya hatari, usifute na usijibu kwa jina lake. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, nakili kiungo cha wasifu, hifadhi mahali asipofika, ndipo uripoti na kuzuia. Wazazi wengi huzuia kwanza kwa hasira, na ushahidi unapotea pamoja na mtu.

Swali: Mwanangu mkubwa amejiunga na kundi linalosema shule na hospitali ni za shetani. Ana watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili. Nikisema neno, ananizuia kuwaona wajukuu. Nikinyamaza naona nimewatupa. – Bibi

Jibu: Shikamoo Bibi. Hapa kuna kazi mbili zisizofanana, na mtu huumia anapozichanganya.

Kazi ya kwanza ni kubaki mlangoni. Usiseme vibaya kuhusu baba yao mbele ya wajukuu, hata kwa jicho. Wao wanampenda, na kila neno lako litarudishwa kwake kabla ya jioni. Mwombe kitu kidogo chenye ratiba: simu ya dakika kumi kila wiki siku ile ile, au kuwaona mwisho wa mwezi. Ratiba ina nguvu kuliko ziara kubwa ya ghafla, maana ikikatika utajua siku hiyo hiyo kwamba kuna kilichobadilika. Ukiwa na watoto, usihubiri. Cheza nao, wasomee hadithi, wape karatasi wachore, wahesabu, waandike. Mtoto aliyetolewa shuleni anayesoma kwa bibi saa moja kwa wiki hajakatika kabisa.

Kazi ya pili ni kujua siku ya kuvunja ukimya, na siku hiyo usiombe ruhusa kwa mtu. Ni pale mtoto anaponyimwa chakula au maji kwa jina la ibada. Anapoumwa na kunyimwa matibabu. Anapopigwa ili "pepo limtoke". Binti anapozungumziwa ndoa. Au familia inapouza vitu na kujiandaa kuhamia mahali pa faragha pamoja na kundi. Toa taarifa ustawi wa jamii au polisi. Nchi nyingi zina namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Katika nchi kadhaa za Afrika ni 116, na Ulaya ni 116 111.

Hilo la kuhama lisikuponyoke. Kwenye msitu wa Shakahola, Kenya, ambako mwaka 2023 zilianza kufukuliwa maiti ambazo hatimaye zilizidi 400 za watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, watoto wengi wakiwamo, mahubiri ya kukataa shule na hospitali yalitangulia miaka kadhaa kabla ya msitu. Kukataa shule huwaondoa watoto kwenye macho ya walimu. Kukataa hospitali huwaondoa kwenye macho ya wauguzi. Baada ya hapo wanaobaki kuwaona ni ndugu.

Ukimkuta mjukuu mdogo amelegea, macho yamezama, analia bila machozi, au hajakojoa kwa saa 8, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Mpeleke hospitali huku mkimnywesha kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Na kama amekaa siku tano au zaidi bila chakula cha maana, usimrundikie sahani kwa huruma. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa mkupuo, madini ya damu kama fosfeti na potasiamu hushuka ghafla na moyo unaweza kusimama. Hospitalini huanza na maziwa maalumu yenye nguvu ndogo, kalori 75 tu katika kila mililita 100, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ndugu wenye nia njema wanaweza kuua hapo.

Swali: Ukweli ni kwamba dini zenyewe ndizo tatizo. Mtoto asiyefundishwa dini hawezi kutiwa kasumba. Mbona hamsemi? – Msomaji asiyeamini

Jibu: Kwa sababu si kweli. Ujerumani mwaka 1936 ilitunga sheria ya kuwaingiza vijana wote katika jumuiya ya vijana ya Hitler, ikakaza uzi mwaka 1939 kwa kuifanya huduma hiyo kuwa ya lazima. Sare, nyimbo, mioto ya usiku, adui mmoja, na watoto wakaishia kuwaripoti watu wazima. Mashine ni ile ile. Dini huipa mashine hiyo kitu kimoja cha ziada, adhabu isiyokwisha baada ya kifo, na kwa mtoto hicho si kidogo. Lakini dini hiyo hiyo humpa mtoto babu anayemwambia "mwanangu, Mungu si mkali hivyo".

Swali: Tumempokea mpwa wetu wa miaka tisa. Aliishi miaka minne ndani ya kundi lililojitenga. Anaruka usiku, anaficha mikate chini ya mto, anawaambia watoto wetu wataungua. Itachukua muda gani, na tuanzie wapi? – Mjomba na mkewe

Jibu: Anzieni kwenye mwili, imani mtaikuta baadaye. Mwaka 1993 huko Waco, Texas, watoto 21 waliachiliwa kutoka kwenye kambi ya kundi la Branch Davidian kabla haijateketea. Wataalamu waliowapokea walikuta mapigo ya moyo yao yako juu sana hata wakiwa wamekaa kitako. Nje walionekana watoto watulivu wenye adabu. Ndani miili yao ilikuwa bado inakimbia. Mpwa wenu yumo humo. Mnaweza kuliona wenyewe: akiwa usingizini, mshikeni kifundo cha mkono taratibu, hesabuni mapigo kwa sekunde 30 mzidishe kwa mbili. Mtoto wa umri wake aliyelala fofofo kwa kawaida huwa chini ya 90. Andikeni namba hiyo mara moja kwa wiki. Ikibaki juu, mwonyesheni daktari. Ikianza kushuka, mnajua mnafanya vizuri hata kama maneno yake bado ni ya moto.

Wiki sita za kwanza ziwe za kuchosha kwa kufanana kwake. Kula saa ile ile, kulala saa ile ile, kuambiwa jioni kesho kuna nini. Mikate mwachieni, mpeni kopo lake lenye kifuniko, lijazwe kila asubuhi mbele ya macho yake. Siku atakayosahau kulifungua mtaiona wenyewe.

Mpeni uchaguzi, lakini mdogo: shati hili au lile. Mtoto aliyeamuliwa kila kitu miaka minne akiulizwa "unataka nini?" huganda, kisha hutafuta usoni mwako jibu linalotakiwa. Viwili vinatosha. Baada ya mwezi mfanye vitatu.

Akitaka kusali, asali. Wengine humkataza wakidhani wanamponya, kumbe wanamnyang'anya kitu pekee anachokifahamu, na wanathibitisha kile alichoambiwa kuhusu watu wa nje. Akiwaambia watoto wenu wataungua, msicheke na msimwadhibu. Semeni sentensi moja, ile ile kila mara: "Nyumba hii hatutishani kwa moto." Wanenu wenyewe waelezeni pembeni kwamba mwenzao alitishwa sana na sasa anarudia alichotishiwa.

Msimhoji. Kama kuna uhalifu wa kuchunguzwa, mwacheni aliyefunzwa kuongea na watoto afanye hivyo mara moja. Mtoto anayesimulia mara kumi kwa watu kumi huanza kusimulia anachoona kinawafurahisha. Atakapoanza kusimulia mwenyewe, na mara nyingi ni kwenye giza au garini, sikilizeni bila kushtuka.

Muda? Usingizi na hofu ya chakula huanza kutulia ndani ya miezi. Maswali ya imani yatarudi akiwa na miaka 12, tena 16, kila mara kwa kina kipya, na si kwamba ugonjwa umerudi. Jambo litakalowashangaza ni kwamba atawakumbuka wale watu kwa mapenzi. Aliyemtisha ndiye pia aliyemwimbia. Msimlazimishe achague.

Swali: Nasomesha watoto dini jioni, wapo 40. Sitaki darasa langu litumiwe na mtu siku moja. Nijikinge vipi? – Ustadhi

Jibu: Ustadhi, swali lako ni adimu na tungependa walimu wa shule za Jumapili nao walisome. Mlango wa darasa uwe wazi na mzazi yeyote aweze kuingia bila kubisha hodi wala taarifa. Watu wazima wawe wawili kila kipindi. Ratiba ya masomo ya miezi mitatu ibandikwe nje, mada na matini, na atakayetaka kufundisha kisichokuwamo akuone kwanza. Mgeni, hata awe na sifa gani, asiachwe peke yake na watoto na asichukue namba zao za simu. Safari na kambi ziwe na kibali cha maandishi kinachotaja mahali, siku na nani anasimamia.

Ndani ya darasa, weka kopo la maswali yasiyo na majina, na kila kipindi ujibu matatu. Mara moja kwa wiki jibu kwa kusema "hili wanachuoni wamehitilafiana", ueleze pande mbili bila kuikejeli hata moja. Mtoto aliyewahi kuona mwalimu anayemheshimu akisema kuna rai mbili hashikwi kirahisi na mtu mwenye rai moja. Kila unapofundisha aya ya vita, isomwe pamoja na iliyotangulia na inayofuata, na tukio lake lielezwe. Wanaokuja kuwinda watoto hutembea na nusu aya.

Watoto wasikabidhiwe kazi ya kuripotiana makosa ya nyumbani. Hata kwa nia njema. Ndilo zoezi hasa ambalo wengine watakuja kulitumia.

Swali: Wa kwangu ana miaka mitano tu. Jana ameniuliza kama babu yake aliyefariki anaungua motoni. Nimjibu nini? – Baba

Jibu: Mjibu mara moja, na kwa sauti yako ya kawaida: "Hapana. Babu hasikii maumivu. Babu alikupenda." Katika umri huo moto ni ule ule wa jikoni uliomchoma kidole, hawezi kuupokea kama jambo la ghaibu, kwa hiyo ufafanuzi mrefu wa hukumu na rehema utamwachia picha tu. Akiuliza tena kesho, na atauliza, rudia maneno yale yale bila kuyapamba.

Kisha mwulize amesikia wapi, naye atakutajia mtu. Kipindi kijacho nenda mwenyewe, keti nyuma ya darasa mpaka mwisho.